Mdogo wangu kapewa achague: jela miezi kadhaa au matibabu chini ya mahakama, tumshauri nini?

Dada Mkubwa

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo maana familia imegawanyika na tarehe ya mahakamani inakaribia. Mdogo wangu wa kiume anatumia unga, ni miaka sasa, alianza na bangi akiwa shule akaja kuhamia heroini, na safari hii kakamatwa na kete mfukoni. Siyo muuzaji, hilo hata waliomkamata wamelikubali kwenye maelezo, ila ana kesi ya nyuma ya wizi mdogo mdogo, ule wa kuchukua vitu vya watu apate hela ya dozi. Wakili wake anasema njia zipo mbili. Ya kwanza anakubali kosa, anafungwa miezi kadhaa, akitoka kamaliza. Ya pili anaingia kwenye programu ya matibabu inayosimamiwa na mahakama, huko pia anakubali kosa lakini hukumu inasubirishwa, anatibiwa huku akirudi mbele ya hakimu kila wiki kwa mwanzo, anapimwa mkojo bila kupewa taarifa, na inachukua zaidi ya mwaka. Akimaliza vizuri kesi inafutwa, akishindwa anahukumiwa palepale na wakili kasema wazi kifungo hapo kinaweza kuwa kirefu kuliko cha ile njia ya kwanza.

Mama anasema aende jela tu, kule hakuna unga, mwili utakauka na akili zitamrudia. Kaka yetu anataka programu. Mwenyewe anataka jela na sababu yake ndo inaniumiza, anasema miezi ya jela ataihesabu itaisha lakini hiyo nyingine haiwezi.

Nachouliza, hii kitu inasaidia kweli? Mtu akilazimishwa kutibiwa anapona au anaigiza tu mbele ya hakimu? Na akiteleza mara moja ndo kwisha habari? Mnaojua naombeni mniambie ukweli hata kama mchungu, ila msimtukane, huyu ni mtoto wa mama yangu.

Mzee wa Probesheni

Pole sana dada, na umefanya vizuri kuuliza kabla hajasaini chochote, maana wengi wanakuja kuuliza mtu akishasaini. Nimekaa upande wa usimamizi wa watu wa namna hii kwa miaka mingi, nikueleze inavyokwenda halafu mtaamua wenyewe.

Hizi mahakama zilianzia Miami mwaka 1989. Kokeini ya kuvuta ilikuwa imejaa mitaani, jela zimefurika, na majaji wanaona sura zilezile kila siku, mtu anafungwa anatoka anakamatwa na kitu kilekile. Wakatenga mahakama moja yenye jaji wake, kazi yake ni hao tu, na badala ya kumhukumu mtu na kumsahau akawa anamuita mara kwa mara aone anaendeleaje. Mwendesha mashtaka mkuu wa pale wakati huo alikuwa Janet Reno, yule aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa Marekani, kwa hiyo wazo halikutoka kwa watu wanaowaonea huruma wahalifu, lilitoka kwa watu wa mashtaka wenyewe waliochoka kufanya kitu kisichozaa. Leo Marekani peke yake zimezidi 3,000 ukihesabu aina zote, Toronto wakaanza 1998, New South Wales kule Australia 1999, Dublin na Glasgow 2001.

Watu wengi wanadhani nguvu ya hii programu ni kipimo cha mkojo. Kipimo kinasaidia, lakini mimi nilichokiona ni kwamba nguvu iko kwa hakimu. Mtu aliyezoea kusimama kizimbani anazungumziwa kama hayupo, safari hii hakimu anamuita kwa jina anamuuliza wiki imeendaje, kazi umepata, ulilala wapi, yule mwanao umemuona? Viwango vya wenzetu wa Marekani vinasema hakimu asipungue wastani wa dakika 3 kwa kila mtu, na ukiziangalia ni chache mno ila kuna watu nimewaona wanafua shati usiku kwa ajili ya hizo dakika 3. Hakimu akiwa anabadilika kila mwezi, au anasoma faili tu bila kuinua macho, hapo programu imebaki jina.

Uliuliza inasaidia kweli. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 uliangalia mahakama 23 za namna hii, wakawalinganisha watu wake na wenzao wanaofanana nao waliopita njia ya kawaida. Baada ya miezi 18 wakawapima mate. Waliopita mahakama za matibabu, asilimia 29 walikutwa na dawa mwilini, wale wengine asilimia 46. Kwa hiyo ndiyo inasaidia, na hiyo tofauti siyo ndogo, lakini usiipite hiyo 29 haraka haraka, maana yake karibu mtu 1 kati ya 3 bado alikuwa anatumia pamoja na hakimu na mkojo na kila kitu. Nakwambia hivyo ili nyumbani msije mkamuona mshenzi akiteleza.

Na kingine, programu hizi zinawafaa watu wa aina ya mdogo wako kuliko watu wepesi. Mtu aliyekamatwa na msokoto mmoja, ana kazi, ana familia, hajawahi kuiba, ukimuingiza kwenye mwaka mzima wa kuripoti kila wiki unamharibia kazi yake na unamchanganya na watu walio ndani zaidi kuliko yeye. Ila mtu aliyezama, anayeiba ili ale dozi, ambaye asiposhikwa mkono atarudi jela tena na tena, huyo ndiye mlengwa wake hasa.

Mpenda Haki

Mzee heshima yako ila naomba nipinge kidogo, maana hizi mada huwa tunazipamba sana.

Dada soma vizuri ulichoandika mwenyewe, anakubali kosa KWANZA. Akishakubali hawezi tena kubishia jinsi alivyopekuliwa, hawezi kubishia uzito wa ile kete, hawezi kubishia chochote. Halafu akishindwa matibabu anafungwa muda mrefu kuliko yule ambaye hakujaribu kabisa. Maana yake mtu anaadhibiwa zaidi kwa sababu alijaribu kutibiwa akashindwa, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao kushindwa na kurudia ni sehemu yake. Hospitali gani inamfunga mgonjwa kwa sababu dawa haikumkubali?

Na siyo kwamba hakuna namna nyingine. Ureno tangu Julai 2001 mtu akikutwa na dawa za matumizi yake, kisichozidi cha siku 10, haendi mahakama ya jinai kabisa, anaitwa mbele ya kamati ya watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanakaa naye mezani wanaangalia kama ni mraibu au la, akiwa mraibu wanamuelekeza kwenye matibabu. Haambiwi kiri kosa kwanza. Wauzaji wanaendelea kufungwa kama kawaida. Na wanaosema eti mikataba ya kimataifa inalazimisha jela, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kifungu cha 3 unaruhusu wazi kabisa matibabu badala ya adhabu kwa mtu aliyekutwa na dawa za kutumia mwenyewe, kwa hiyo nchi ikiamua inaweza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla ya yote wakili aulize kama kuna uwezekano wa kuingia kwenye matibabu kesi ikiwa imesimamishwa bila kukiri. Kuna mahakama zinakubali hivyo. Ikishindikana ndo mzungumzie hiyo nyingine.

Msomaji wa Usiku

Mpenda Haki hoja ya kukiri kosa nakuunga mkono asilimia mia, ila kwenye kumwachia mtu kwa hiari tupu nina wasiwasi. Oregon, jimbo la Marekani, walijaribu, wakapiga kura 2020, kuanzia 2021 mtu akikutwa na kiasi kidogo anapewa faini ya dola 100 na hiyo faini inafutwa akipiga simu tu kufanyiwa tathmini ya afya. Waliopiga simu walikuwa wachache mno, faini zikaachwa bila kulipwa, na 2024 bunge lao likarudisha kosa la jinai. Mtu aliye ndani ya unga hapigi simu. Nasema hivi nikiwa na ndugu wa aina hiyo, ukimpa namba ya simu anakujibu sawa halafu anaitupa.

Mpenda Haki

Msomaji, Oregon sheria ilianza wakati vituo vya matibabu bado havijajengwa, hela zenyewe zilichelewa kufika kwenye vituo. Ureno walijenga huduma na sheria pamoja. Mtu akipiga simu akaambiwa hakuna nafasi, hata wa pili hatapiga. Lakini nakubali kwamba lazima kuwe na mtu wa kumsogeza, sikatai, nachokataa ni yule mtu kuwa na funguo za jela mkononi.

Nesi wa Zamu

Naomba nimjibu mama kupitia kwa dada, kwa sababu hilo la "atakauka jela" ndo limenifanya nifungue akaunti nijibu. Mimi ni muuguzi, nahudumia waraibu wa heroini.

Dada mwambie mama hivi kwa upole. Kwanza unga unaingia jela, siyo zote lakini nyingi, kwa hiyo asihesabu kwamba hatauona. Pili tuseme hakuupata kweli, arosto imempiga sakafuni wiki nzima kaharisha katapika mifupa inauma hajalala, ikapita, mwili umekauka kama mama anavyotaka. Hapo kilichoondoka ni uvumilivu wa mwili, ile hali ya mwili kuzoea dozi kubwa. Hamu haijaondoka. Kichwani anakumbuka dozi yake ya zamani, mwili wake sasa ni wa mtu ambaye hajawahi kutumia. Anatoka getini, anakutana na rafiki wa zamani, anajidunga kiasi kilekile alichokuwa anajidunga siku anakamatwa, na pumzi inakata. Siyo kwamba alizidisha kwa tamaa, alitumia cha kawaida yake.

Kuna utafiti wa mwaka 2007 kwa watu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ukilinganisha na watu wengine wa jimbo hilohilo. Mara 129. Mama akisema jela miezi kadhaa ndo njia rahisi, hajui kwamba siku ya hatari kuliko zote ni ile siku atakayompokea nyumbani.

Kwa hiyo kwangu mimi swali la jela au programu siyo kubwa kama hili lingine, je hiyo programu inatoa methadoni au buprenofini, zile dawa anazopewa mraibu kliniki badala ya heroini? Hizi ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, kwa mraibu wa heroini ndo matibabu yenye ushahidi mkubwa kuliko yote, zinakata arosto na zinapunguza vifo. Ushauri nasaha ni mzuri, vikundi ni vizuri, maombi pia sina ugomvi nayo, ila mtu wa heroini ukimpa hivyo peke yake bila dawa unamwacha apambane na mwili wake kwa maneno. Naomba uniulizie hilo.

(Kwa wengine mnaosoma, kama mtu wenu ni wa metamfetamini au kokeini hapo hakuna dawa ya namna hiyo, huko kinachosaidia zaidi ni utaratibu wa kumzawadia kitu kidogo kila kipimo kikiwa safi. Na kama ni pombe au vidonge vya usingizi msimkaushe nyumbani wala rumande bila daktari, degedege inaua.)

Nilitoka Huko

Sijaandika humu muda mrefu, nimesoma hii nikashindwa kupita.

Nilikuwa kwenye programu kama hiyo. Unauliza mtu akilazimishwa anapona au anaigiza. Niliigiza. Miezi ya mwanzo yote niliigiza, nilikuwa najua maneno ya kumwambia mshauri, najua uso wa kuweka mbele ya hakimu, na mkojo nilitafuta kila njia ya kuuchezea. Ila dada sikiliza, huku naigiza nilikuwa nakunywa methadoni kila asubuhi mbele ya nesi, na kidogo kidogo nikawa naamka bila arosto. Mtu ambaye hajawahi kuamka na arosto hawezi kujua hiyo ni nini, kwa miaka kitu cha kwanza unachofikiria ukifungua jicho ni hela ya dozi ya asubuhi, kabla hujakojoa, kabla hujajua leo siku gani. Ile ikikutoka unapata nafasi kichwani. Kwenye hiyo nafasi ndo nikaanza kumaanisha nilichokuwa naigiza. Kwa hiyo nia ilikuja nyuma ya dawa, haikutangulia. Wanaosema mpaka mtu aamue mwenyewe wana haki upande mmoja, lakini mimi nisingeweza kuamua chochote nikiwa katika hali ile.

Hilo la mdogo wako kusema miezi ya jela ataihesabu, namuelewa mpaka ndani. Jela hawakuombi ubadilike. Unakula unalala unahesabu. Programu inakuomba usimame mbele ya watu useme jana nimetumia. Ni ngumu kuliko jela, msimdanganye kwamba ni rahisi, akija kugundua katikati atawachukia na ataikimbia. Mwambieni ni ngumu na mtakuwa naye.

Kuteleza niliteleza, zaidi ya mara moja. Ilinitokea mara ya kwanza nikatoroka kwa sababu nilijua nitafungwa, na kutoroka ndo kuliniletea shida kubwa, siyo kule kutumia. Baadaye kuna siku niliteleza nikaenda mwenyewe nikasema kabla mkojo haujasema. Hakimu akaniongezea siku za kuripoti na akanirudisha hatua ya nyuma, basi. Ningejua mapema kwamba kusema kunapunguza adhabu nisingekimbia. Mwambieni hilo kabla hajaingia, mwambieni hata mara kumi.

Dada Mkubwa

Nimesoma yote, nimemsomea na mama ile ya Nesi, alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza mara 129 maana yake nini nikamueleza. Hasemi tena habari ya kukauka.

Nilitoka Huko asante kaka au dada sijui, nimempelekea maneno yako mdogo wangu kama yalivyo. Alisoma mara mbili, hakusema kitu ila aliniomba nimuachie simu asome tena.

Sasa nimeuliza ile ya methadoni. Jibu limenichanganya. Mdogo wangu alishaanza methadoni kliniki kabla ya kesi, akawa anaenda anaacha anaenda. Stafu wa programu anasema wao wanataka mtu "safi kabisa", kwa hiyo akiingia atapewa muda wa kupunguza methadoni mpaka aiache, bila hivyo hawezi kufika hatua ya mwisho na kesi haitafutwa. Nikauliza nani kaamua hivyo, daktari? Akasema ni utaratibu wa programu. Hii ni kawaida?

Nesi wa Zamu

Ni kawaida kwa maana ya kwamba inatokea sehemu nyingi. Siyo sahihi kitabibu. Dada hapo usikubali kimya kimya.

Methadoni iliyoandikwa na daktari, anayokunywa mbele ya nesi, haimleweshi mtu aliyezoea dozi yake. Anafanya kazi, anaendesha maisha. Kumuita huyo siyo safi ni kuchanganya kutegemea dawa na uraibu, uraibu ni kile cha kuiba, kudanganya, kujidunga kwenye kona, kuacha watoto. Ukimuondoa kwenye methadoni kwa kalenda ya mahakama badala ya hali yake, unamrudisha kulekule kwenye uvumilivu ulioshuka na hamu iliyobaki, ile hatari niliyomuelezea mama, tofauti ni kwamba safari hii anaipata akiwa nje.

Kipimo kikisoma methadoni ni kwa sababu anatumia dawa yake, ndo kitu tunachotaka kuona. Daktari wa kliniki aandike barua.

Mzee wa Probesheni

Nesi kasema kweli na hili ni tatizo ninalolijua vizuri. Hakimu siyo daktari, na kuna mahakimu wazuri kabisa wenye nia njema ambao kwao mtu akiwa kwenye methadoni bado "anatumia". Marekani ilifika mahali serikali kuu ikasema kuanzia 2015 mahakama inayomlazimisha mtu aache dawa hizi ili ahitimu haipati ruzuku yake, na 2022 wizara ya sheria ikatoa mwongozo kwamba kumkatalia mtu dawa aliyoandikiwa kunaweza kuvunja sheria ya kulinda watu wenye ulemavu. Kwa hiyo wakili wenu akisimama kulisema hili hatakuwa anazua jambo jipya duniani.

Mfanyeje sasa, hivi ndivyo ningefanya ningekuwa nyie. Wakili aombe masharti yote kwa maandishi kabla ya kukiri, na kwenye hayo masharti maamuzi ya dawa yaandikwe kuwa ni ya daktari. Barua ya kliniki iambatanishwe iingie kwenye faili, siyo ibaki mfukoni. Aulize mtu akiteleza programu inafanyaje, kuna ngazi za adhabu zilizoandikwa au ni hakimu alivyoamka? Ngazi nzuri zinaanza chini, kuripoti zaidi, insha, kazi za jamii, na jela ikija inakuwa siku chache na inakuja mwisho. Na kuna kitu watu hawaulizi, je zipo pongezi? Programu ambayo inajua kuadhibu tu inachosha watu. Tunachofundishwa ni pongezi ziwe nyingi kuliko adhabu, hata mara nne.

Na aulize muda aliokaa ndani ya programu unahesabiwaje akishindwa. Kama amekaa miezi kumi akaanguka, ile miezi kumi inapunguzwa kwenye kifungo au imepotea? Hapo Mpenda Haki alikuwa na hoja nzito na mimi sikuigusa mwanzo.

Mpenda Haki

Asante Mzee kwa hilo. Naongezea moja tu, aulize anayoyasema kwa mshauri nasaha yanaishia wapi. Akikiri kwenye kikundi kwamba aliiba mahali fulani mwaka juzi, mwendesha mashtaka anaweza kuyatumia? Iandikwe kwamba hapana. Mtu hawezi kutibiwa huku anachuja kila neno.

Na dada, kama watagoma kabisa kuhusu methadoni, msijilazimishe kuingia kwa sababu tu jina lake ni matibabu. Wakili anaweza kuomba probesheni ya kawaida au kifungo cha nje huku mdogo wako akiendelea na kliniki yake. Hiyo nayo ni njia, tumeisahau humu wote tukabishania mbili.

Nilitoka Huko

Hapo kwenye methadoni mimi ningekufa. Wangeniambia niache ndani ya mwaka nisingekuwa hapa naandika. Simameni hapo.

Dada Mkubwa

Wakuu narudi na taarifa. Wakili alienda kuongea nao akiwa na barua ya daktari. Kwanza walikataa, halafu likapelekwa kwa hakimu mwenyewe, na hakimu akasema yeye hataki kuamua dozi ya mtu, daktari aendelee kuamua na programu itapokea ripoti ya kliniki kila mwezi. Imeandikwa, nimeiona kwa macho yangu. Kukiri kosa wamekataa kuondoa, hilo tumeshindwa, ila muda wa ndani ya programu utahesabiwa akishindwa, siyo wote, nusu. Ya kikundi pia imeingia, atakayoyasema kwa mshauri hayatumiki kumshtaki.

Amesema atajaribu. Hakusema ataweza, alisema atajaribu, na mimi nimeamua kutomdai neno lingine zaidi ya hilo. Mama ndo atakuwa anaenda naye siku za hakimu, kaomba mwenyewe.

Nesi nina swali la mwisho, ameanza tena kwenda kliniki lakini kuna siku mbili zilizopita hakwenda. Nifanye nini akikosa siku?

Nesi wa Zamu

Siku moja au mbili arudi tu anywe kama kawaida, ila awaambie kliniki ukweli kwamba alikosa. Zikifika tatu mfululizo au zaidi asipewe dozi ya zamani hivihivi, lazima wamuangalie upya na mara nyingi wanaanza chini, kwa sababu ileile ya uvumilivu kushuka. Msimchukulie methadoni ya mtu mwingine "amalizie", hata akiomba namna gani.

Na muulizeni daktari kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha unga, mkae nayo nyumbani kama inapatikana, wewe, mama na kaka yako wote mjifunze kuitumia. Ukimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa kukoroma au hapumui, unampa hiyo, unaita msaada, unampumulisha mdomoni, na unamlaza ubavu kama pumzi imerudi. Nguvu yake inaisha kabla ya unga haujaisha mwilini kwa hiyo hata akiamka akasema yuko sawa msimwache peke yake mpaka aonwe na daktari. Usimfiche mdogo wako kwamba mnayo, mwambie iko wapi.